Mwongozo kamili wa kusoma utabiri wa theluji ya ziwa: Buffalo, Erie, Rochester na Syracuse

Kila Novemba maswali hurudi yale yale. Mmoja anasema simu ilimwonyesha inchi mbili, akatoka kazini akalikuta gari limezama mpaka vioo. Mwingine anasema aliambiwa Buffalo itafunikwa, akakosa zamu na mshahara wake, na nje jua likawaka kutwa. Wote wawili walitazama utabiri, na mara nyingi utabiri wenyewe ulikuwa sahihi. Waliuliza tu swali lisilofaa: "Buffalo itapata theluji kiasi gani?" Theluji ya ziwa hushuka kwenye mkanda mwembamba, na mkanda huo haujui mipaka ya mji. Swali la kuuliza ni mkanda utakaa wapi, na kwa saa ngapi.

Mwongozo huu ni wa wanaoishi kando ya Ziwa Erie na Ziwa Ontario, upande wa Marekani. Walioko Grand Rapids, Kalamazoo au South Bend wanaweza kuufuata vilevile, ila ziwa lao ni Michigan na upepo wa kuuogopa kwao hutoka magharibi na kaskazini-magharibi.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kwa kusoma utabiri:

- Simu yenye intaneti, na tovuti ya weather.gov, ambayo ni ya idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani, NWS. Andika msimbo wa posta wa nyumbani, kisha uangalie tena kwa msimbo wa kazini.
- Ramani inayoonyesha mipaka ya kaunti. Maonyo hutolewa kwa kaunti au kipande cha kaunti. Erie County ya New York imekatwa kaskazini na kusini, na vipande hivyo huweza kupewa maonyo tofauti siku moja. Tena usiichanganye na Erie, mji wa Pennsylvania.
- 511NY kwa hali ya barabara za jimbo la New York. Pennsylvania ina 511PA.

Kwa nyumba na gari:

- Beleshi pana jepesi, brashi yenye kikwangulio cha vioo, mfuko wa chumvi ya barabarani na mwingine wa mchanga.
- Ndani ya gari: blanketi, glavu za ziada, tochi, chaja, maji, kitu cha kutafuna, beleshi dogo na kitambaa chenye rangi kali. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu kuanzia Novemba.
- Ndani ya nyumba: chakula na maji ya siku nne, dawa za wiki nzima, maziwa na nepi kama kuna mtoto, pawabenki iliyojaa, na kitambuzi cha kaboni monoksidi chenye betri nzima. Hicho cha mwisho usikiruke. Sababu yake iko kwenye hatua ya 8.

## Mashine yenyewe, kwa ufupi

Hewa kavu na baridi kutoka Kanada inapita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi. Inanyonya joto na mvuke, inapanda, inakuwa mawingu, na ikifika ng'ambo inamwaga. Anayetoka Kagera hahitaji maelezo zaidi: Bukoba hupata mvua zaidi ya maradufu ya Musoma, ingawa wanachangia ziwa moja, kwa sababu upepo wa mashariki huvuka Ziwa Victoria na kuja kumwaga upande wa Bukoba. Buffalo ni Bukoba ya Ziwa Erie, isipokuwa kinachomwagwa ni theluji.

Mambo matatu ndiyo yanayoiendesha mashine hii: tofauti ya joto kati ya maji na hewa, urefu wa safari ya upepo juu ya maji, na mwelekeo wa upepo. Hatua zote zinazofuata zinazunguka hapo.

## Hatua ya 1: Soma mwelekeo wa msimu, kisha uuweke kando

Katikati ya Oktoba, kitengo cha NOAA (shirika la Marekani la bahari na anga) kinachoshughulikia mwelekeo wa misimu hutoa ramani za Desemba hadi Februari. Ramani moja ni ya joto, nyingine ya mvua na theluji kwa pamoja. Hakuna ramani ya inchi za theluji. Ukikutana na picha mtandaoni inayoahidi "inchi 140 Buffalo msimu huu", jua haikutoka huko.

Rangi za ramani ni uwezekano tu. Miaka ya nyuma imegawanywa mafungu matatu: ya joto kuliko kawaida, ya kawaida, na ya baridi kuliko kawaida. Bila dalili yoyote kila fungu lina nafasi 33 kati ya 100. Eneo likipakwa rangi ya 40, maana yake mizani imeinama kidogo upande mmoja. Nyeupe maana yake ni kwamba mizani haijainama popote.

Kinachoinamisha mizani mara nyingi ni Bahari ya Pasifiki. El Niño, maji yake ya kati na mashariki yakipata joto kuliko kawaida, huelekea kulegeza baridi ya kaskazini mwa Marekani, na La Niña, yakipoa, huelekea kuongeza unyevu kwenye Maziwa Makuu. Mwishoni mwa 2023 El Niño ilifurika mito Kenya, Somalia na Tanzania, na majira ya baridi yaliyofuata huku, Desemba 2023 hadi Februari 2024, yakawa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika majimbo 48 ya bara.

Sasa hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika msimu huohuo wa joto, katikati ya Januari 2024, theluji ya ziwa iliifunika Buffalo kiasi cha mechi ya mchujo ya Bills, timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo, na Pittsburgh kusogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Wastani wa miezi mitatu ulikuwa wa joto, na siku nne tu ndani yake zilitosha kufunga barabara. Isitoshe, Septemba na Oktoba zikiwa na joto, ziwa linaingia msimuni na akiba kubwa ya joto, na akiba hiyo ndiyo chakula cha theluji ya ziwa.

Kwa hiyo mwelekeo wa msimu utumie kwa mambo ya pesa na manunuzi: bajeti ya kupasha nyumba joto, kuomba mapema HEAP, msaada wa serikali wa gharama za kupasha nyumba joto, kama unastahili, kubadilisha matairi. Usiutumie kupanga safari hata moja.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwambia mwenzako, "Msimu unaelekea joto, lakini matairi nimeshabadilisha."

## Hatua ya 2: Pima ziwa

Ofisi ya NWS ya Buffalo hutangaza kila siku joto la maji ya Ziwa Erie. Mwanzoni mwa Novemba kwa kawaida bado yako kwenye nyuzi joto 10 hivi za Selsiasi, yaani 50 na kitu za Fahrenheit. Namba hiyo iandike mahali.

Maziwa haya mawili hayana tabia moja. Erie ni la kina kifupi kuliko Maziwa Makuu yote, wastani wa mita 19. Linapoa haraka, na miaka mingi sehemu kubwa huganda kufikia Februari. Likiganda, bomba la mvuke limefungwa. Ndiyo maana hatari kubwa ya Buffalo na Erie iko Novemba, Desemba na mwanzo wa Januari.

Ontario lina wastani wa mita 86 na ni nadra kuganda sana. Bomba lake halifungwi. Syracuse, Oswego na Watertown huendelea kupigwa mpaka Machi, na ndiyo sababu Syracuse hupata zaidi ya mita 3 za theluji kwa mwaka wa kawaida wakati Buffalo hupata mita 2.4 hivi.

Angalia hili: ziwa lililoganda halikuhakikishii usalama. Januari 1977 Erie lilikuwa limeshaganda, lakini theluji iliyokuwa imelala juu ya barafu ilipeperushwa na upepo mkali ikaja kuuzika mji. Ziwa likiganda, acha kufuatilia joto la maji na ufuatilie kasi ya upepo.

## Hatua ya 3: Siku saba hadi tatu kabla, fanya hesabu ya 13

Kwenye ukurasa wa eneo lako ndani ya weather.gov kuna kiungo kimeandikwa Forecast Discussion. Ni maelezo ya mtaalamu aliye zamu, yanaandikwa upya mara kadhaa kwa siku, na ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote. Kiingereza chake ni kizito. Usihangaike kukielewa chote. Tafuta vitu viwili: mwelekeo wa upepo, na joto la hewa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ambalo huandikwa "850mb" au "850 hPa" na huwa kwa Selsiasi.

Sasa toa joto la hewa hiyo kutoka kwenye joto la maji. Maji yana nyuzi joto 9, hewa ya juu inatabiriwa kuwa hasi 6. Tofauti ni 15. Kizingiti ni 13, basi mashine itawaka. Hewa ingekuwa hasi 2, tofauti ni 11, na ungetarajia manyunyu ya hapa na pale. Tofauti ikifika 18 au 20 tayarisha beleshi, na usishangae kusikia radi katikati ya theluji.

Mwanzoni mwa Novemba kuna mtego mmoja. Hesabu inaweza kukubali na bado mvua ya kawaida ikanyesha mjini kando ya maji, wakati vilimani kilomita 30 kusini inashuka theluji tupu. Kama unafanya kazi upande wa vilima, usihukumu kwa unachokiona dirishani kwako.

Katika siku hizi usifute zamu. Nunua kilichopungua, jaza tangi, muulize msimamizi mapema utaratibu ukoje barabara zikifungwa.

## Hatua ya 4: Soma upepo, maana ndio unaochagua mtaa

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Anayeiruka ndiye yule aliyezama mpaka vioo.

Upepo hutajwa kwa unakotoka, kama sisi tunavyosema kaskazi kwa upepo unaotoka kaskazini. Digrii huhesabiwa kutoka kaskazini kwa mzunguko wa saa: 180 ni kusini, 270 ni magharibi, 225 ni kusini-magharibi kamili.

Ziwa Erie limelala kwa mshazari, kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, urefu wa kilomita 388. Buffalo imekaa kwenye ncha yake ya mashariki. Upepo ukipita kwa urefu wa ziwa, safari juu ya maji inakuwa ndefu kuliko zote, na mikanda mingi hukusanyika kuwa mmoja mnene. Upepo ukikata ziwa kwa upana, mikanda inakuwa mingi, myembamba na dhaifu zaidi.

Kwa upande wa Erie, shika hivi:

- Digrii 220 hadi 230: mkanda unaelekea kaskazini mwa mji. Tonawanda, Amherst, Niagara Falls.
- Karibu 240: katikati ya Buffalo, West Side, Cheektowaga na uwanja wa ndege.
- 250 hadi 260: kusini. Lackawanna, West Seneca, Hamburg, Orchard Park.
- 270 na kuendelea hadi kaskazini-magharibi: vilima vya Chautauqua na Cattaraugus, pamoja na Erie ya Pennsylvania.

Kwa Ontario, upepo wa magharibi huipiga Tug Hill, ile nyanda ya juu iliyo kati ya Syracuse na Watertown, ambako zaidi ya mita 5 kwa msimu ni jambo la kawaida. Ukigeuka kutoka kaskazini-magharibi, unashuka kwa watu wa Rochester na Syracuse.

Sasa chukua kalamu. Upepo ukigeuka digrii 10 tu, baada ya kilomita 100 mkanda umesogea kilomita 17 hivi. Hiyo ni karibu sawa na kutoka katikati ya Buffalo hadi Hamburg. Kwa hiyo mtaalamu anapoandika kwamba mwelekeo "utakuwa 240 au 250", hajui bado kama ni West Side itakayozikwa au Hamburg, na hakuna anayejua.

Novemba 2014 ndiyo mfano wa kukumbuka. Mkanda ulitulia kusini mwa mji kwa muda mrefu. Lancaster, West Seneca na jirani zao walipata zaidi ya futi 5, na waliokaa kaskazini mwa Buffalo walipata inchi chache tu huku wakiuona ukuta mweupe umesimama upande wa pili. Novemba 2022 ikajirudia: Hamburg na Orchard Park zilipita inchi 77, na mechi ya Bills ikahamishiwa Detroit.

Jambo la pili la kutafuta kwenye maelezo ni kama mkanda utatulia au utatembea. Mkanda unaopita huacha inchi tatu na kwenda zake. Uliotulia humwaga inchi 2 au 3 kila saa kwa saa 12, na hakuna gari la kusukuma theluji linaloweza kushindana na kasi hiyo.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Ijumaa usiku mkanda utakuwa kusini, Jumamosi asubuhi unapanda mjini, mchana unarudi kusini."

## Hatua ya 5: Elewa onyo na namba zilizomo ndani yake

Maonyo huja kwa Kiingereza, na wengi huyachanganya. Shika manne.

Winter Storm Watch: dhoruba inawezekana, kwa kawaida siku moja hadi tatu mbele. Huu ni muda wa kununua na kupanga. Wengi hulipuuza hili wakisubiri la kweli. Likija la kweli, maduka yameshabaki matupu.

Winter Weather Advisory: itasumbua, lakini wengi wataendelea na shughuli kwa mwendo wa taratibu.

Lake Effect Snow Warning: theluji nzito ya ziwa inakuja au imeshaanza. Safari zisizo za lazima zisimame.

Blizzard Warning: hapa suala ni upepo. Maana yake upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi na kutoona mbele zaidi ya mita 400, kwa saa tatu au zaidi. Usitoke.

Ndani ya onyo utaona kitu kama "inchi 12 hadi 24", na karibu yake maneno "in the most persistent lake snows". Maneno hayo ndiyo ufunguo. Yanasema namba hizo ni za pale mkanda utakapokaa muda mrefu zaidi. Kilomita 15 kutoka hapo, ndani ya kaunti ileile, inaweza kuwa inchi 2. Mtabiri anajua hivyo na amekuambia.

Kipicha cha theluji kwenye simu hakina nafasi ya kueleza hayo. Kinachukua namba moja na kukupa kana kwamba mji wote ni uwanja mmoja. Kwa mvua za kawaida kinasaidia. Kwa theluji ya ziwa mimi sikitazami.

Ofisi za NWS pia hutoa ramani ya kiwango cha chini na cha juu, zile za nafasi 1 kati ya 10. Kama mnaishi na mgonjwa, mtoto mchanga au mama mjamzito wa miezi ya mwisho, panga kwa ile ya juu.

## Hatua ya 6: Saa sita za mwisho, shika rada

Fungua picha ya rada ya Buffalo na uiache icheze mwendo wa saa moja au mbili. Tazama ncha ya mkanda pale unapoingia nchi kavu. Je, inasogea kaskazini, kusini, au imesimama?

Kisha weka njia yako juu yake akilini. Unakaa Black Rock, mtaa wa kaskazini mwa Buffalo, na ghala unalofanyia kazi liko Hamburg: nyumbani ni jua, kazini ni jua, lakini kipande cha Lackawanna katikati ni ukuta. Kuingia kwenye mkanda ni jambo la sekunde. Unatoka kwenye barabara kavu, unapiga kona, na huoni tena boneti ya gari lako. Ajali nyingi za magari mengi hutokea pale pale ukingoni, kwa sababu wa mbele amefunga breki na wa nyuma bado yuko juani.

Angalia hili: mawingu ya theluji ya ziwa hayapandi juu sana. Mbali na kituo, mwali wa rada hupita juu yake na kuonyesha anga safi. Rada isipoonyesha kitu kwako na kamera za 511NY zinaonyesha barabara imezibwa, iamini kamera.

## Hatua ya 7: Kwenda au kubaki

Kaunti hutoa matangazo ya aina mbili. Travel Advisory ni ushauri. Travel Ban ni marufuku: ukiendesha bila kuwa miongoni mwa walioruhusiwa, unaweza kuandikiwa faini. Piga picha ya tangazo hilo na umtumie msimamizi wako hapohapo, pamoja na jina la kaunti unayoishi na ile unayopita.

Usisubiri marufuku ndipo uamue. Jiulize matatu: njia yangu inakatiza mkanda? Nikifika, nitaweza kurudi, au zamu inaisha wakati mkanda umehamia hapo? Kuna njia ya kuzunguka isiyopita kando ya ziwa? Swali la pili ndilo watu hulisahau. Kwenda kazini saa nane mchana ni rahisi. Shida ni saa nne usiku.

Vivyo hivyo kwa safari za Thanksgiving. Mwaka 2024 theluji ya ziwa ilianza Ijumaa, siku moja baada ya sikukuu, ikaipiga Erie ya Pennsylvania na kukwamisha magari kwenye I-90, barabara ileile ambayo familia hupita kutoka Cleveland kwenda Buffalo. Waliokuwa wamesoma utabiri wa Jumatano walirudi Alhamisi usiku au waliongeza siku za kulala kwa wenyeji.

Kama kuna anayesafishwa figo, anayetumia oksijeni au anayekaribia kujifungua, piga simu hospitali au kituo chake mara tu Watch inapotoka. Katika dhoruba ya Desemba 2022, zaidi ya watu 40 walifariki katika Erie County, wengine ndani ya magari, wengine barabarani, wengine nyumbani wakisubiri msaada. Magari ya wagonjwa yalikwama sawa na mengine. Kuna saa ambazo 911 inapokea simu na haina namna ya kukufikia.

## Hatua ya 8: Mkanda umekukuta

Ukiwa garini. Baki ndani. Watu hupotea mita chache kutoka kwenye mlango wa gari. Piga 911 na utaje barabara, upande unaoelekea na kibao cha maili ulichokiona mwisho. Funga kile kitambaa chenye rangi kwenye kioo cha pembeni. Washa injini dakika 10 hivi kwa kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo. Kila kabla ya kuwasha, toka ufukue ekzosi. Ekzosi iliyozibwa hurudisha kaboni monoksidi ndani. Haina harufu, na anayeivuta husinzia tu.

Ukiwa nyumbani. Hita nyingi za kisasa hutoa moshi kwa bomba la plastiki ukutani, karibu na ardhi. Litafute leo, kabla ya theluji, na ulifukue kila saa chache mkanda ukiwa juu yenu.

Umeme ukikatika, hamieni wote chumba kimoja, zibeni mlango kwa blanketi. Na hili nalisema wazi kwa sababu ni desturi yetu: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata kwa chai tu. Wala usiwashe oveni ya gesi kupasha nyumba joto. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani. Kitambuzi kikilia, tokeni wote kwanza, kisha mpige simu.

Umefaulu ikiwa hujatumia tone la mafuta, kitambuzi kimya, na watoto wameboreka.

## Hatua ya 9: Mkanda ukiondoka

Tazama rada kabla ya kushika beleshi. Mara nyingi mkanda husogea kwa saa tatu nne na kurudi ulipotoka, na anga la bluu katikati huwadanganya watu wakatoka na magari.

Ukiona umekwenda kweli, anza na bomba la hita, kisha mlango, kisha bomba la zimamoto lililo mbele ya nyumba, gari mwisho. Sukuma theluji badala ya kuinua, chota kidogo kidogo, pumzika. Kufukua theluji nzito huua watu kwa moyo kila mwaka, hasa wasiozoea kazi nzito na wenye presha. Mwenye maumivu ya kifua aache hapohapo. Paa la gari lisafishwe lote. Bonge la barafu likiruka kwenye barabara kuu linavunja kioo cha aliye nyuma.

Halafu rudi kwenye ule ukurasa wa utabiri, safari hii ukitafuta joto. Futi kadhaa za theluji zikifuatwa na siku mbili za mvua na nyuzi joto 10, maji yote yanashuka kwa pamoja, na Cazenovia Creek huko South Buffalo ina historia ya kuziba kwa mabonge ya barafu na kufurika mitaani. Ukiona Flood Watch, yaani tahadhari ya mafuriko, pandisha juu kila kilicho kwenye chumba cha chini ya nyumba: magodoro, mabegi ya nyaraka, mashine ya kufulia kama inabebeka, na usiliache gari kando ya kijito usiku huo.